Mapumziko ya Melini na Faida Zake

Katika mambo ambayo binadamu huyafanya bila ya kufundishwa, kupumzika lingedhaniwa kuwa la kwanza. Lakini ukitazama vema utaona kwamba watu wengi hufanya kazi kwa ustadi na hupumzika kwa kubahatisha. Mkulima ajua siku ya kupanda na siku ya kupalilia. Mwalimu ajua somo la leo na la kesho. Mpe mmoja wao siku saba zisizo na kazi, umweke katika chombo kieleacho majini, na huenda akazimaliza kwa usingizi, chakula na miayo, kisha akarudi kwake amechoka kuliko alivyoondoka. Nataka kusema machache juu ya mapumziko ya melini na namna mtu awezavyo kuyapatia faida, kwa kuwa nimeyajaribu kwa kadiri ya mfuko wangu, na kwa kuwa natoka mahali ambapo wapumzikaji wa dunia hupita kila siku.

Safari ya meli kwa ajili ya starehe tupu ni jambo changa. Kwa karne nyingi watu walipanda vyombo kwa sababu walikuwa na mahali pa kwenda: walikwenda kwa biashara, kwa hija, kwa vita, na katika pwani yetu wengine walikwenda kwa minyororo. Mwaka 1891 Albert Ballin, mkubwa mmoja katika kampuni ya meli ya Hamburg, aliona kuwa meli zake hukosa abiria wakati wa baridi, bahari ya Atlantiki inapochafuka. Akaipeleka meli iitwayo Augusta Victoria katika Bahari ya Kati ikiwa na abiria 241 ambao hawakuwa na haja ya kufika popote. Walikwenda bandari hata bandari, wakatazama, wakarudi walikotoka. Tangu hapo biashara hiyo imekua kupita kiasi. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, ina sitaha 20 na yaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Mtu aweza kukaa humo juma zima, akala, akaogelea na kucheza, asikumbuke hata mara moja kwamba yumo baharini.

Sisi tulio mbali na bahari tuna ziwa, na ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za moshi zilizojengwa Uingereza zilikuwa zikiletwa vipande vipande na kuunganishwa ufukweni. Katika miaka iliyofuata meli hizo, na hasa Usoga na Rusinga, ziliweza kumzungusha msafiri ziwani kote, akaona Musoma, Mwanza, Bukoba, Entebbe na Jinja, kisha akarejea Kisumu. Wazungu wenye nafasi waliufanya mzunguko huo kuwa mapumziko yao. Mwafrika naye alikuwamo melini, lakini alikuwa na mzigo wake au mzigo wa mwenziwe, na hakuna aliyemwambia kuwa yuko mapumzikoni. Mwaka 1961 ilianza kazi meli ya Victoria, iliyojengwa Scotland na kuunganishwa Kisumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli hiyo ikawa mali ya Tanzania. Na baada ya matengenezo makubwa ilirudi ziwani mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikisafiri baina ya Mwanza na Bukoba. Jina lenyewe lasema kwamba haikukusudiwa kwa mchezo. Hata hivyo, sioni kwa nini mtu asiyekuwa na kazi asiipande kwa adabu na kupumzika humo.

Nilipopata likizo mwezi wa Julai mwaka 2022 nilikusudia kufanya hivyo, kwenda Bukoba na kurudi, bila ya kazi wala haja. Nikampigia simu mjomba wangu mmoja, mkulima wa kahawa katika milima ya Tarime, ili afuatane nami. Umri wake umepita miaka sabini, na hakuwa amepata kulala juu ya maji. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Mjomba, huko Bukoba amefariki nani?"

"Hakuna aliyefariki, mjomba."

"Basi kuna harusi."

"Hakuna harusi."

"Una kesi?"

"Sina kesi."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mjomba, afadhali useme kwamba umetumwa na Serikali, ili nami niwe na la kuwaambia watu."

Maswali haya yachekesha, lakini yana uzito. Katika Tarime na Serengeti, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, safari ina mwenyewe. Mtu husafiri kwa ajili ya mgonjwa, au maiti, au mahari, au ng'ombe, au mahakama. Asafiriye kwa ajili ya nafsi yake hushukiwa kuwa ana fedha za kuchezea, au amekosana na watu wa nyumbani. Mjomba alikadiria nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, akaigeuza kuwa mbuzi. Kisha akauliza mbuzi hao watazaa nini. Sijapata kusikia kipimo cha mapumziko kilicho bora kuliko hicho. Mapumziko yakizaa kitu, mbuzi wametumika kwa haki. Yasipozaa, mzee ana hoja, na sisi tuliosoma hatuna jibu.

Kabla ya kueleza yaliyotupata, yafaa tuwatazame kidogo wapumzikaji wanaokuja kwetu, kwa maana mtu hujifunza ugeni kwa kuwa mwenyeji. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Upande wake wa kaskazini, huko Kogatende na Lamai, umepitiwa na Mto Mara, na baina ya Julai na Oktoba makundi ya nyumbu huuvuka mto huo mbele ya macho ya watu waliotoka pembe zote za ulimwengu. Baadhi yao hutoka melini. Meli kubwa ikitia nanga Mombasa au Zanzibar, abiria wenye uwezo hupandishwa ndege, hulala usiku mmoja au miwili mbugani, kisha huharakishwa kurudi ili meli isiwaache.

Mimi nimekulia kando ya njia iendayo lango la Ikoma. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiyapungia mikono magari ya wageni, nao wengi walitupungia. Lakini aghalabu mkono wa mgeni uliinuka wakati gari limekwisha pita, na tuliopungiwa tulikuwa vumbi. Siku moja gari lilisimama kwa sababu ya pancha. Wageni wengine walibaki kivulini wakitazama saa zao. Bibi mmoja wa makamo alitembea mpaka uani kwetu, akamkuta mama akisaga ulezi juu ya jiwe, akaketi chini, akamwuliza kwa kinywa cha dereva jiwe lile limetoka wapi na limedumu miaka mingapi. Alipopewa nafasi alijaribu kusaga, akamwaga nusu ya ulezi, akacheka, nasi tukacheka. Hakukaa zaidi ya nusu saa. Wenzake waliona simba na tembo kama yeye alivyowaona, na walilipa fedha zile zile. Lakini jina la jiwe letu alikwenda nalo yeye peke yake, na katika kijiji chetu yeye peke yake ndiye aliyekumbukwa. Nadhani wasiokuwa na la kukumbuka wala wa kuwakumbuka walipata hasara ambayo hakuna kampuni iwezayo kuwarudishia.

Basi nakuja kwenye safari yetu. Mjomba alitoka Tarime kwa njia ya daraja la Kirumi, mimi nikatoka Mugumu, tukakutana Bunda na kushika njia ya Mwanza.

Faida ya kwanza ya safari ya meli ni kurudi salama, na hiyo haiji kwa dua peke yake. Tarehe 21 Mei mwaka 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza na imechukua watu kupita uwezo wake, ilipinduka na kuzama ikiwa imekwisha karibia mji. Mamia ya watu walikufa, na wengi katika waliopatikana walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na idhini ya kuchukua abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, na waliokufa walizidi 220. Sikumbushi haya ili kumtisha mtu asipande meli. Nayakumbusha kwa sababu mpumzikaji ana uhuru ambao wasafiri wengine hawana. Aliyefiwa aweza kulazimika kuingia katika chombo kilichojaa, maana maiti haimngoji. Mwenye ndizi zinazoiva aweza kulazimika vile vile. Aliye katika starehe hana mtu wa kumwahi. Akiona chombo kimelemewa, na abaki ufukweni alale, aondoke siku nyingine. Akiingia, na aingie mapema kungali na mwanga, aulize maboya ya kujiokolea yako wapi, ajifunge moja na kulifungua, ahesabu hatua kutoka kitandani mpaka sitahani. Mjomba alifanya yote hayo bila ya kuagizwa, akanilazimisha nami kufanya. Ngazi alizipanda mara mbili, mara ya pili akiwa amefumba macho.

Sababu ya hadhari yake niliijua tulipokwisha toka bandarini na taa za Mwanza zimeanza kupungua nyuma yetu. Katika waliozama mwaka 1996 alikuwamo jirani yake, mtu wa rika lake, aliyekwenda Kagera kwa biashara na hakurudi wala hakuonekana. Kwa miaka ishirini na sita mjomba alikuwa akikataa kila safari ya majini. Alimwuliza baharia mmoja ni upande gani jambo lile lilitokea. Baharia, kijana ambaye labda alikuwa hajazaliwa siku hiyo, alinyosha mkono gizani kwa heshima na kujitenga. Mzee alivua kofia, akasimama kwenye ukingo wa meli, akasema maneno kwa Kikurya kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenziwe aliye karibu. Maneno hayo hayakuwa yangu, sitayaandika. Alipomaliza alivaa kofia akasema, "Sasa nimemzika." Hapo niliona kwamba swali lake la simuni, la nani amefariki Bukoba, lilikuwa na jibu ambalo mimi sikuwa nalo.

Faida ya pili ni kutazama. Kitanda kiko hata nyumbani; ziwa la usiku halipo nyumbani. Mpumzikaji mwenye busara hulala kidogo, hukaa sitahani akiwa amejifunika shuka la kutosha, maana upepo wa ziwa ni mkali, na huyaacha macho yafanye kazi pole pole. Tuliona taa za wavuvi wa dagaa, zimepangana mbali kama mji usiokuwa na nchi. Mjomba aliinama akatazama maji, akaniuliza yanatoka wapi. Nikamtajia Kagera, uletao maji ya Rwanda na Burundi. Nikamtajia Grumeti wa upande wetu wa Serengeti. Nikamtajia Mara, utokao milima ya Mau nchini Kenya, ukapita kati ya wilaya yake na yangu, ukaingia ziwani karibu na Musoma. Akasema, "Mto huu nimeuvuka Kirumi tangu ujana wangu, wala sikupata kuuliza unakwenda wapi." Nikaendelea kumweleza kwamba maji hayo hutoka tena ziwani huko Jinja, yakawa Mto Nili, yakashuka mpaka Misri na kuingia katika Bahari ya Kati, ile ile ambamo abiria wa Ballin walikwenda kutembea. Alifikiri sana juu ya jambo hilo. Ni somo ambalo nimelisoma shuleni na kulifundisha watoto wangu. Lakini ramani ya darasani haitikisiki chini ya miguu, na ile ya usiku ule ilikuwa ikitikisika.

Faida ya tatu ni mazungumzo. Meli ina madaraja matatu, na nauli ya juu humpa mtu chumba, mlango na upweke. Sikatazi chumba, maana mwili wa mzee wahitaji kitanda. Nasema tu kwamba aliyejifungia humo usiku kucha amelipa zaidi ili apate kidogo. Mjomba aliteremka daraja la tatu, ambako watu huketi pamoja na vikapu vyao, na nilipomfuata nilimkuta karibu na mama mmoja wa Kihaya aliyekuwa akirudi kwao. Mama yule alitoa mfuko mdogo, akamwekea mjomba punje za kahawa kiganjani, akasema, "Karibu, mzee, utafune." Kwa Wahaya kahawa iliyochemshwa na kukaushwa huliwa kwa kutafunwa, na ni heshima ya mgeni tangu zamani, zamani punje mbili za tunda moja zilitumiwa hata katika kula kiapo cha udugu. Mjomba alitafuna kwa uangalifu. Alikuwa amepanda kahawa, ameichuma, ameikausha na kuiuza kwa zaidi ya miaka hamsini, na hakuwa amepata kuitia kinywani kwa namna hiyo. "Sisi, mama," akasema, "kahawa tunaijua kwa mizani tu." Kabla ya usingizi kuwachukua walikuwa wamekwisha patana kwamba asubuhi mzee ataonyeshwa shamba la kaka yake mama yule, nje kidogo ya mji.

Faida ya nne, nayo ndiyo ngumu, ni kuchagua. Meli ikifika bandarini humpa mtu muda mchache, na tamaa humwambia aone kila kitu. Bukoba ina mengi ya kuona: ufuko wake, kisiwa cha Musira mbele yake, soko lake, mabaki ya siku za Wajerumani, na kanisa kuu alimozikwa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Mimi nilichagua kanisa, nikakaa humo asubuhi yote. Mjomba alichagua shamba. Nilipomfuata mchana nilimkuta ameketi chini ya migomba pamoja na mwenyeji wake, kila mmoja na fimbo yake, wakichora ardhini. Kahawa ya Tarime ni arabika, ipendayo nchi ya juu na baridi. Ya Bukoba kwa wingi wake ni robusta, nayo huota katika kibanja pamoja na migomba na maharagwe, kila mmea ukimfaa mwenziwe. Wazee wale walikuwa wakibishana juu ya kivuli, juu ya samadi, na juu ya majani makavu yanayotandazwa chini ya miti ili udongo usikauke. Kiswahili chao kilikuwa cha lafudhi mbili, na kila mmoja alikuwa akimsahihisha mwenziwe. Sijapata kuhudhuria semina iliyokuwa na usikivu kama ule.

Tuliporudi Mwanza usiku wa pili mjomba alilala fofofo, na hakuhesabu ngazi tena. Tulipoachana Bunda hakunishukuru, kwa kuwa kati ya mjomba na mpwa shukrani si desturi. Alisema tu kwamba mbuzi walikuwa wachache kuliko alivyodhani. Mwaka uliofuata nilipokwenda kumsalimu niliona majani makavu yametandazwa chini ya mibuni yake, na migomba michanga imesimama katikati ya mistari. Watoto wa jirani yake aliyezama walikuwa wamekwisha kuja kwake, naye amekwisha kuwaeleza ni upande gani wa ziwa baba yao alipo. Mambo hayo mawili ndiyo waliyozaa mbuzi wale, na sidhani kwamba la kwanza lina thamani kuliko la pili.

Huenda msomaji akasema kwamba meli ya usiku mmoja si meli ya starehe, na kwamba shauri langu halimfai atakayebahatika kupanda moja ya meli zile zenye sitaha 20. Naona lamfaa zaidi. Chombo kikiwa kikubwa, hatari ya kutoona kitu huwa kubwa pia. Na msafiri anayepelekwa katika bandari saba kwa siku saba hana budi kuchagua kwa ukali kuliko sisi tuliokuwa na bandari moja. Na aijue njia ya kutokea kabla hajaujua mlango wa jikoni. Na awe sitahani alfajiri, wakati nchi inapotokea majini. Na ajue jina la mtu atandikaye kitanda chake, na nchi alikotoka. Katika kila bandari na achague kitu kimoja, akae nacho mpaka kimweleze jambo. Vingine na aviache kwa moyo mweupe, kwa kuwa hata asingeviacha asingevipata.

Nasi wa Tarime na Serengeti, ambao tutapitiwa na wageni mwaka huu kama miaka yote, tuna wajibu wetu. Mgeni mwenye haraka hawezi kusimama kama hakuna amwambiaye asimame. Tuna mawe ya kusagia, tuna kahawa, tuna hadithi za mto ambao wao huujua kwa nyumbu tu. Gari likisimama kwa pancha, au kwa lo lote lile, na tusiishie kupunga mikono. Tumkaribishe mtu aketi.